Bei Njoo DM: Kizazi cha Milenia na Biashara ya Mitandaoni, Uingereza na Tanzania

Kizazi cha milenia, ambacho kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani hukihesabu kuwa ni watu waliozaliwa kati ya mwaka 1981 na 1996, kimekwisha kuupita ujana ambao watangazaji wengi bado wanakihusisha nao, kwani wakubwa wake wamevuka miaka 40, wana watoto shuleni, wanalipa kodi ya nyumba au wanajenga, na wengi wao, wawe Birmingham au Mbagala, huanza kutafuta bidhaa kwenye simu kabla ya kwenda dukani. Kinachotofautisha masoko ya Uingereza na Tanzania ni mahali ambapo mnunuzi huweka imani yake.

Nchini Uingereza tangazo la Instagram au TikTok hutengenezwa ili mnunuzi amalize kila kitu pasipo kuzungumza na mtu yeyote: bei huwa wazi, na kitufe cha kulipia huwa chini yake. Utulivu wa mnunuzi huyo hautokani na wema wa muuzaji, ambaye pengine hatamjua kamwe, bali hutokana na sheria. Kanuni za mwaka 2013 humpa siku 14 za kughairi ununuzi mwingi wa mtandaoni, na kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 humfanya mtoaji wa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji iwapo bidhaa ina bei inayozidi pauni 100 lakini isiyozidi pauni 30,000. Hata washawishi, yaani watu wenye wafuasi wengi wanaolipwa ili wasifie bidhaa, hutakiwa kutamka kwamba wamelipwa, na mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliwabana watu mashuhuri 16 hadi wakaahidi kufanya hivyo.

Jijini Dar es Salaam tangazo la gauni huwa na picha, namba ya WhatsApp, jina la mtaa wa Kariakoo na maneno “tunatuma mikoani”, lakini bei haimo. Anayeiuliza huambiwa aje DM, yaani atume ujumbe wa faragha, na humo ndimo biashara yenyewe huanzia. Wauzaji hueleza kwamba wanawaficha washindani bei yao, maelezo ambayo yana ukweli kidogo tu, kwa sababu mshindani naye anaweza kuuliza kama mteja. Sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba bei ya sokoni imezoeleka kuwa mwanzo wa mazungumzo, na mtandao umeyahamishia mazungumzo hayo kwenye simu bila kuyafuta. Malipo hupita kwenye lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea fedha za simu, ambapo jina la mpokeaji huonekana kabla mlipaji hajathibitisha, kisha mzigo hupakiwa kwenye basi la Mwanza au Mbeya na picha ya risiti yake hutumwa kwa mteja. Mfumo huu, ambao haukubuniwa na kampuni yoyote ya matangazo, humfanya muuzaji aijenge imani upya kwa kila mteja kwa sura, sauti na simu yake mwenyewe, jambo ambalo makampuni ya London hulipa fedha nyingi ili yaliigize.

Hata hivyo, ukaribu huo si kinga. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza matangazo ya kupotosha, ila ni vigumu kumpata mtu atakayeacha kazi zake apeleke malalamiko rasmi kwa ajili ya gauni lililofika na rangi nyingine. Adhabu inayoogopwa ni ile ya kuanikwa mitandaoni, nayo humwangukia mkosaji na asiye na kosa vilevile.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa Mtanzania aishiye ughaibuni, kwa kuwa hulitazama tangazo la nyumbani kwa imani aliyozoeshwa na sheria za kwingine. Mfano ulio wazi ni viwanja vya Kigamboni, Kibaha na Bagamoyo vinavyotangazwa Instagram kwa picha zilizopigwa kutoka angani, vikielezwa kuwa vimepimwa na viko dakika tano kutoka barabara ya lami, bila kutajwa ni dakika za chombo gani. Hakuna siku 14 za kughairi kiwanja, na fedha iliyotumwa kwa simu haina kifungu cha 75 nyuma yake. Kwa hiyo anayekusudia kununua akiwa mbali na amtume mwanasheria afanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, amwombe ndugu akauone mpaka wa kiwanja kwa macho yake, na alipe kwa benki kwa jina lilelile lililomo kwenye hati.