Kibingo na Bei ya Amani

Ndugu msomaji, ukitaka kufika Kibingo mchana, huna budi kuondoka Bukoba alfajiri. Basi litakupeleka Kyaka, kisha litapanda vilima vya Karagwe hadi Omurushaka. Hapo utashika njia ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Jina la Kibingo litakukumbusha mabingobingo, lakini macho yako yatalakiwa kwanza na migomba, mibuni, na kahawa iliyoanikwa uani. Kabla hujaulizwa shida iliyokuleta, utakaribishwa punje za kahawa za kutafuna.

Shida iliyonipeleka mimi ilikuwa mafuta. Usishangae. Kibingo hakuna kisima wala bomba. Petroli niliyoiona ni ile ya kwenye chupa, inayongoja pikipiki kando ya njia. Lakini upande wa mashariki, katika Wilaya ya Missenyi, ndipo linapoingia nchini bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Mafuta hayo huganda kama samli wakati wa baridi, hivyo bomba halina budi kupashwa moto njia nzima. Katika kila hisa 100, 62 ni za TotalEnergies ya Ufaransa, 8 ni za CNOOC ya China, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana 15 kila moja.

Kwa nini lipite kwetu? Mwaka 2016 Uganda iliiacha njia ya Lamu, Kenya, ikachagua ya Tanga. Usalama ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kampuni za kigeni huipima amani kama mchuuzi apimavyo nauli, nazo zina sababu. Mwaka 2007, katika Ziwa Albert, Mwingereza mmoja aliyefanya kazi ya kutafuta mafuta aliuawa kwa risasi katika ugomvi wa mpaka wa Uganda na Kongo. Marais wa nchi hizo mbili wakaja kupatana Ngurdoto, Arusha, Septemba ya mwaka huohuo. Machi 2021 wapiganaji waliuvamia mji wa Palma, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mwezi uliofuata kampuni hiyohiyo ya Ufaransa iliusimamisha mradi wake wa gesi wa thamani ya dola bilioni 20, ikawaondoa watumishi wake. Watu wa Palma walikimbia.

Nilipomsimulia hayo mzee mmoja wa Kibingo, alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, hao wakiondoka, shamba wanaliacha kwa nani?"

Mzee huyo hakuwa akifanya mzaha. Watu wa Kagera wanaijua vita. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Missenyi, yakaua watu, yakapora ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amani iliyorudi mwaka 1979 ililipiwa kwa damu ya askari na raia, na kwa miaka mingi ya dhiki katika nyumba zetu zote, mijini na vijijini. Amani hiyo ndiyo iliyolivuta bomba. Mtaji huo ni wetu, ingawa katika daftari la hisa haukuandikwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tusiwachukie wageni, wala tusiwapigie magoti. Tuulize kama watu wenye mali. Je, mkulima aliyepisha bomba amelipwa fidia inayotosha kununua shamba jingine? Je, vijana wetu wanajifunza ufundi wa kudumu, au wanachimba mtaro tu na kurudi nyumbani? Je, mapato yanatangazwa wazi hata mtu wa Kibingo ayasikie redioni?

Wakati wa kuagana, mzee alinionyesha miche ya mibuni aliyoipanda karibuni. Itachukua miaka kadhaa kabla haijazaa. Alisema ataingoja, kwani yeye hana kwingine pa kwenda.