Alichoniambia Kinukamori

Wikiendi ile tulitoka Dar hadi Marangu Mtoni, kamji kadogo miguuni mwa Kilimanjaro. Njia nzima nilinung'unika: "Baba Junior, yaani gesti ya bei poa hivi?" Yeye kimya.

Asubuhi tukapita kwenye migomba na kahawa mpaka maporomoko ya Kinukamori. Ngazi zina utelezi, tukashikana mikono, jambo tulilolisahau tangu fungate. Kule chini, maji yakinguruma, akaninong'oneza: "Mama Junior, niliachishwa kazi wiki tatu zilizopita."

Wiki tatu akivaa tai kila asubuhi! Niliona aibu, nikamkaza mkono. Tulipopandisha ngazi, tayari tulikuwa tunapanga bajeti upya.

Msomaji, hebu mtoe mwenzio nje kidogo. Pengine ana neno linalosubiri nafasi tu.