Kati ya Kuvumilia na Kupona

Mvua zikishakatika na michuano ya shule za sekondari, UMISSETA, ikikaribia, barabara za udongo mwekundu za Newala hujaa wanafunzi wanaokimbia alfajiri. Miezi yote ya mvua walikuwa darasani na shambani wakipalilia. Sasa, ndani ya wiki chache, wanatakiwa wawe wanariadha. Nami hukimbia nao, nyuma yao kwa mbali, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza kwa nini kila msimu wanaoanza ni wengi na wanaofika mkoani ni wachache, tena si kwa sababu ya kushindwa, bali kwa sababu ya kuumia.

Anayechechemea, tulikuwa tukimsimulia habari za John Stephen Akhwari. Sijui Mtanzania wa rika langu asiyezijua. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, kijana huyo wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, goti likateguka na kuchanika, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla, giza limeshaingia, Akhwari alipotokeza uwanjani akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Habari hiyo bado hunigusa kila ninapoisimulia. Ila siku hizi nasita kabla ya kumsimulia mtoto anayeumwa mguu, na kusita huko kumetokana na mpwa wangu.

Ni mtoto wa dada yangu, na kwetu Wamakonde mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada. Alikuwa kidato cha tatu, akijiandaa kwa mbio za mita 1,500. Akaanza kulalamika ugoko. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alimkanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi. Mwalimu wake akampa dawa ya kuchua. Mimi nikampa Akhwari. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, kwa upendo. Akaendelea kukimbia, mpaka siku moja akashindwa hata kutembea kwenda kisimani.

Mimi na dada yangu tukashuka naye Masasi. Tabibu hakuanza na mashine. Alimwambia, "Nionyeshe kwa kidole kimoja." Mtoto akaweka kidole kwenye mfupa, upande wa ndani, chini kidogo ya katikati ya ugoko. Tabibu akamzungumzisha mambo mengine, kisha akarudia swali. Kidole kikatua palepale. Akapabonyeza, mguu ukaruka. Akatueleza kwamba maumivu yanayotambaa ugoko mzima mara nyingi ni ya misuli na utando unaoshika mfupa, lakini maumivu yenye anwani moja huashiria ufa. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na hilo halikumshangaza: ufa mwembamba wa namna hii mara nyingi hauonekani mpaka wiki mbili au tatu zipite, mfupa unapoanza kujiunga.

Kisha muuguzi, mama mtu mzima, akaniomba kwa upole, "Mjomba, tupishe kidogo." Nikakaa nje kwenye benchi. Nilichokosa kukisikia nilielezwa na dada yangu baadaye: mtoto alikuwa amekosa siku zake kwa miezi kadhaa, na asubuhi alikuwa akikimbia kwa chai ya rangi tupu, akisubiri ugali wa muhogo wa mchana. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu jambo hilihili, kwamba mwanariadha anayekula pungufu ya nguvu anazotumia, awe wa kike au wa kiume, hudhoofika mifupa, na kwa msichana hedhi kukatika ni moja ya dalili za mapema. Na mbaazi ambazo angeweza kuzila, huku kwetu tunazipakia magunia kwa magunia kwenda kuuza. Sijamaliza kulitafakari hilo.

Nilikuwa nikiuona mfupa kama jiwe: mgumu au umevunjika, basi. Kumbe mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku, na mazoezi mapya huongeza ubomoaji kabla ujenzi haujaufikia. Moyo na mapafu huzoea upesi. Ndani ya wiki chache mtoto hahemi tena, anajiona yuko tayari, kocha naye anamwona yuko tayari. Mfupa na kano bado ziko nyuma sana. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, maana pumzi husikika na mfupa hausikiki. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya kufuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000. Hatari waliyoiona haikuwa sana katika jumla ya wiki, bali katika mbio moja inayozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio ndefu kuliko zote ulizokimbia siku 30 zilizopita. Niliposoma hayo nikayakumbuka maandalizi yetu ya wiki tatu.

Mpwa wangu alipumzishwa, akapona, akarudi kwa kutembea na kukimbia kidogo kwa zamu. Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimejifunza kwamba dawa ni kupumzika. Lakini kano yangu ya kisigino, ilipoanza kuuma nayo, ilikataa. Mchanga wa uwanda wa Makonde ni mwingi; kisigino huzama kila hatua na kano huvutwa kuliko kawaida. Nilipumzika, ikatulia, nikikimbia tu, inarudi. Fiziotherapia niliyoelekezwa ilinishangaza: simama kwa ncha za miguu kwenye ukingo wa baraza, inuka kwa miguu yote miwili, kisha shuka polepole kwa mguu unaouma mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, mizunguko mitatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1998 na daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson. Inauma kidogo, na unaruhusiwa iume kidogo. Mama alinitazama barazani akauliza, "Mwanangu, unajitesa kwa nini?" Sikuwa na jibu zuri. Kano ilihitaji mzigo, mfupa wa mtoto ulihitaji kuachwa, na mimi nilikuwa nimeviita vyote viwili maumivu ya mguu.

Hata wataalamu hubadilika. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzika na kuweka barafu, alikuja kusema mwenyewe kwamba vyote viwili huenda vinachelewesha kupona. Sijui nini tutakachoambiwa kesho kuhusu ukingo wa baraza.

Kuhusu viatu, nilitarajia vingekuwa sehemu kubwa ya habari hii. Jeshi la Marekani liliwahi kuwagawia makuruta raba kulingana na umbo la unyayo, wengine wakapewa za aina moja tu. Kuumia kukawa karibu sawa. Kwa hiyo kwenye mitumba sitafuti tena jina. Naiweka raba mezani nione kama imelalia upande, nabonyeza soli kama bado ina uhai, navaa na kutembea. Isipokaa vizuri mguuni naiacha. Na mtoto aliyezoea pekupeku simbadilishii ghafla, wala aliyezoea raba simvui ghafla.

Akhwari aliumia kwa ajali ya siku moja, katika mbio zilizomleta kutoka mbali, akiwa mtu mzima aliyejiamulia. Watoto wetu wanaumia kidogo kidogo, wakiamuliwa na sisi. Walimu wa michezo wa Newala na Masasi, nawaomba: mtoto akichechemea, mwambieni aonyeshe kwa kidole kimoja. Kidole kikirudi palepale kwenye mfupa, msimkande mahali hapo wala msimchue. Mwondoeni kwenye mbio siku hiyohiyo, mpelekeni hospitali, na muulizeni amekula nini asubuhi.