Uchovu Una Majina Mengi

Neno "nimechoka" tunalibebesha mzigo mzito. Kuli wa bandarini anayerudi Temeke jioni husema amechoka. Kijana aliyeshinda kijiweni Tandika bila kibarua, naye husema amechoka. Mwanafunzi aliyerudishiwa zoezi lile lile mara tatu husema vivyo hivyo. Na wakubwa wengi huwajibu wote watatu kwa neno moja: uvivu.

Tangu miaka ya 1960 vijana wa Kijapani wamekuwa wakija kujitolea nchini kwetu, wengine wakifundisha hisabati na sayansi. Mmoja wao, niliyefundisha naye chuo cha ualimu, alinieleza jinsi lugha yao inavyoutenganisha uchovu. Mwili ukichoka, husema "tsukareta". Jambo lisilo na ladha wala mvuto ni "tsumaranai". Kukaa bure, saa zikawa haziendi, ni "taikutsu". Na aliyerudia jambo hata likamtoka moyoni husema "akita". Neno hili la mwisho huandikwa kwa alama ambayo sehemu yake moja ni chakula, kwani maana yake ya asili ni kushiba. Hapo nilicheka, maana nasi tunalo la kwetu: kukinai. Mtu huanza kwa kukinai wali, akaishia kukinai hata mji anaokaa.

Faida ya kutenganisha ni kwamba kila uchovu una dawa yake. Aliyechoka mwili alale. Aliyekinai apewe jambo jipya. Asiyeona ladha ya somo aonyeshwe linamfaa nini. Aliyekaa bure apewe shughuli na wenzake. Ukimwambia kijana wa kijiweni akapumzike, umemzidishia maradhi.

Haya nimeyapima kwangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikuwa nikilalamika kutwa kuwa nimechoka, hata mke wangu akaniuliza, "Umechoka na nini, Mwalimu, na kazi huna?" Lilikuwa swali la haki. Mwili ulikuwa mzima. Kilichonielemea ni siku zisizo na kengele. Sasa kila alasiri nafundisha watoto wa jirani hesabu chini ya mwembe. Usiku nalala hoi, na uchovu huo naupenda.

Lipo jambo moja ambalo Wajapani na Waswahili hatukuagana, lakini tumekutana. Wao wanapomaliza kazi huambiana "otsukaresama", salamu ya kutambua kuwa mwenzako amejichosha. Sisi husema, "Pole na kazi." Salamu zote mbili hazimkaripii aliyechoka, humheshimu.

Basi, ndugu msomaji, mtoto akikwambia amechoka, anza na pole. Kisha umwulize: uchovu upi?