Mwisho wa Mwaka Bagamoyo

Wageni wengi waendao Bagamoyo hutaka kuona milango ya nakshi na kupiga picha ufukoni, kisha hurudi Dar es Salaam jioni ile ile, maana mwendo wake ni kama kilomita 70 tu. Sisi huenda kwa jambo jingine. Tu watu wanne tuliosoma pamoja chuo cha ualimu, na kila Desemba twakutana huko kupeana habari za mwaka: nani kapata, nani kafiwa, nani kajifunza nini. Tena kila mmoja hana budi kutaja kitabu alichokisoma. Katika wanne hao anayefundisha hata leo ni mmoja tu, naye ni mwanamke. Wa pili anafuga nyuki, wa tatu ana duka, nami ni karani wa parokia.

Desemba 2024 tulianza Kaole, kusini ya mji, penye magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe. Watu walikaa pale tangu karne ya 13. Mfuga nyuki alituchelewesha sana kwa kuchungulia tundu la mti mmoja, akisikiliza. Zamani nyuki walikuwa uraibu wake tu, sasa ndio wanaomlipia kodi ya nyumba. Uraibu wangu mimi ni kujalidi vitabu vikuukuu. Mwaka ule nilishona upya madaftari matatu yaliyoguguniwa na mchwa. Hauna fedha, lakini uzi na gundi hunituliza kuliko redio. Mwalimu alikuwa amesoma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kitabu cha Shaaban Robert, kwa mara ya tatu. Mfuga nyuki alikuwa amesoma kijitabu cha mizinga, tukamcheka, tukampitisha hivyo hivyo.

Mchana tulikwenda misheni, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mnara wa kanisa la zamani upo bado. Humo ulilazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuuchukua kwa miguu miezi mingi kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Karibu na hapo pana mbuyu mkubwa ulioumeza mnyororo. Kimebaki kipande kidogo tu kinachochungulia katika gome. Tukaketi kivulini.

Hapo ndipo mwenye duka alipotoa kitabu chake, Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitoka 2022. Mwenzetu alikisimulia vizuri mno. Kijana Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye yeye humdhani ni ami yake. Kumbe baba yake ana deni, na mtoto ndiye rehani. Anawekwa dukani, pamoja na kijana mwingine aliyeletwa vivyo hivyo, kisha anafuata msafara wa biashara bara. Ukiwa Bagamoyo hadithi hiyo haihitaji maelezo, kwa kuwa misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapo hapo pwani.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Kaka, na yule binti wa dukani kwako, baba yake umemkopesha kiasi gani?"

Sote tulikuwa tukimjua yule mtoto. Ndiye aliyetuletea chai kila tulipofika. Hakuna aliyepata kuuliza.

"Laki tatu," alijibu. "Za hospitali ya mama yake. Dada, mimi sikumnunua mtoto wa mtu. Nilisaidia."

"Hata huyo Aziz hakununua. Alikuwa darasa la ngapi?"

"La tano."

Mwenye duka alikasirika, na sitamlaumu kwa hasira ile, maana fedha zake ziliokoa uhai kweli, na ndugu wa damu wa mgonjwa walikuwa wamejificha. Alisema mtoto anakula na kuvaa vizuri kuliko kwao. Mwalimu hakupinga hata neno moja la hayo. Alisema tu kwamba tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hata kidato cha nne, na kwamba yeye mwenyewe atanunua sare. Basi tukaondoka pale kimya kimya, tukapita mbele ya boma la Wajerumani la 1897, tukala pweza na mihogo sokoni kwa wavuvi. Mwenye duka hakula. Alikuwa kando, simu sikioni, akizungumza na mtu kwa muda mrefu.

Januari mtoto alirudi kwao, akaandikishwa tena darasa la tano, mkubwa kuliko wenziwe kwa mwaka mmoja. Deni halijalipwa. Mwenye duka ameajiri kijana wa mshahara, na kila wiki hunipigia simu kunilalamikia kwamba kijana huyo hajui hata kupima sukari.