Daraja

Neno daraja lina maana zaidi ya moja. Ni njia ipitayo juu ya maji, ni ngazi, ni cheo. Watu wa Mtwara wamezijua maana zote hizo, na aliyewafundisha ni mpira.

Pwani ya Mikindani hadi Msimbati, jirani na Ruvuma inapoingia baharini, maji yakipwa mchanga huwa uwanja. Vijiti viwili ni goli. Maji yakijaa mchezo umekwisha, aongozaye awe nani. Kutoka hapo kijana hutazama juu: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, kisha Ligi Daraja la Kwanza, ambayo kwa miaka mingi, licha ya jina lake, ilikuwa ngazi ya pili, chini ya Ligi Kuu.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, iitwayo leo Simba. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na kati yake umelala Mto Rufiji. Magari yalingoja pantoni. Masika yalipofika, barabara ilikuwa tope. Timu iliyosafiri ilishindana na njia kabla ya kumwona mpinzani. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na lami iliyosalia ikafuata kidogo kidogo.

Mwaka 2014 Ndanda FC, timu ya Mtwara yenye jina la mji mdogo wa wilayani Masasi, ikapanda Ligi Kuu. Wapenzi wake waliiita Kuchele, neno la kusini lenye maana ya kumekucha. Msimu huo ligi ilikuwa na timu 14. Kila timu ilicheza mechi 13 ugenini, na Mtwara iko pembeni mwa nchi. Lakini Simba na Yanga nazo zikalazimika kuteremka kusini, kutafuta pointi katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Kucha huko kulidumu misimu sita. Mwaka 2020 Ndanda ikashuka. Wapo waliosema kusini kumekuchwa tena. Lakini mwaka mmoja nyuma Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilikwisha kupanda, na mwaka 2021 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Daraja hupitwa kwenda na kurudi, anayeshuka hakulivunja. Aliyejifunza mpira juu ya mchanga wa maji kupwa analijua hilo tangu utotoni: bahari huja ikafuta mistari yote, na kesho yake, maji yakitoka, vijiti vikasimikwa upya.