Nchi Iliyo Angani

Vijana wa siku hizi wanapenda hadithi za nchi za kubuni ambamo wengi wanalima na wachache wanashiba. Mpwa wangu wa Newala alinisimulia The Hunger Games, kitabu cha Suzanne Collins cha mwaka 2008 alichokijua kwa sinema: wilaya 12 zinaulisha mji mkuu mmoja, mpaka binti mmoja anashika upinde. "Mjomba," akasema, "hapo ni sisi na korosho zetu."

Nikampa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatawala. Nchi hiyo iko angani. Wajumbe sita walitumwa kwenda kutafuta mambo ya kuifaa. Waliporudi na habari wakatiwa gerezani. Karama naye, kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, akashtakiwa na waziri Majivuno. Hana upinde wala rungu. Ana maneno tu, mbele ya mfalme na baraza.

Kwa mtu wa Newala nchi ya angani si ajabu. Sisi tunakaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na bonde la Ruvuma tunalitazama kwa chini. Ila kwetu aliye juu ndiye mwenye kiu! Mvua huzama mchangani, chemchemi ziko chini ya mteremko, na bibi zetu walishuka na kupanda na mitungi kichwani. Mtu ashuke, arudi na kitu cha kuwafaa wote, kisha afungwe? Jambo hilo lilimchoma kijana.

Karama anashinda, wafungwa wanafunguliwa. Mpwa wangu hakuridhika. "Na kama mfalme asingesikiliza?"

Swali hilo halikutoka kitabuni. Januari 2013, mkoa mzima ukilalamikia bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, Masasi nako kulizuka ghasia. Majengo na nyumba zikachomwa, watu wakafa. Yeye alikuwa mtoto, anakaa huko Masasi, na moshi aliuona. Mimi naona hapo ndipo Shaaban Robert alipomhurumia msomaji wake kupita kiasi: wafalme wenye masikio ni wachache.

Sikumjibu. Nilimpa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Kawegere ya mwaka 1967, ambamo wanyama wanamfukuza bwana wao na nguruwe wanahamia nyumbani kwake. Yuko katikati ya kitabu. Juzi aliniuliza kama Karama angeweza kuishi kwenye shamba lile hata wiki moja.